Kambi ya Machi ya Pittsburgh Pirates: Mwezi Pekee Ambao Hatufungwi

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Naanzisha uzi huu mwanzoni mwa Machi 2026 kwa makusudi, kwa sababu huu ndio mwezi pekee katika mwaka ambao shabiki wa Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani, anaweza kuzungumza mbele za watu bila kuinamisha kichwa. Mechi zinachezwa na matokeo yanatangazwa, lakini hakuna hata moja linaloingia kwenye msimamo wa ligi, na kwa timu yangu hiyo ni neema kubwa.

Kwa wasioufahamu utaratibu, timu 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani hukimbia baridi kila Februari, 15 zikaelekea Arizona na 15 Florida, na huko hukaa wiki sita hivi zikijifua na kucheza mechi za majaribio kabla ya msimu wenye mechi 162. Pirates huenda Bradenton, mji ulio pwani ya magharibi ya Florida, na wamekuwa wakienda huko tangu mwaka 1969. Warushaji na wadakaji hutangulia, wenzao hufuata siku chache baadaye, na tangu siku ile ya kwanza huanza kumiminika habari zilezile: fulani amepunguza kilo saba, fulani ameongeza misuli, fulani amejifunza mrusho mpya wakati wa mapumziko, na yule aliyepiga vibaya mwaka jana kumbe shida ilikuwa macho, sasa anavaa lenzi. Nilihamia Pittsburgh kikazi mwaka 2011, kwa hiyo hizi ni kambi kumi na tano ninazozisoma, na sijawahi kukutana na habari inayosema kwamba mchezaji amerudi kambini akiwa mzito, mvivu na amekata tamaa, ingawa ikifika Juni wa namna hiyo tunawaona uwanjani tena wengi.

Walioko Dar es Salaam wataelewa nikisema ni kama tamasha la Agosti la Simba au la Yanga: jezi mpya, majina yanaitwa moja moja, na kila anayeitwa ni moto wa kuotea mbali. Tofauti ni kwamba tamasha lenu huisha siku hiyohiyo, halafu mnaingia kwenye ligi mkiwa na haki ya kudai ubingwa. La kwetu huchukua wiki sita, na kwa miaka mingi ndilo limekuwa kilele cha msimu wenyewe.

Hoja yangu ni hii. Watu hudhani kambi ya Machi ni matayarisho ya kitu kitakachouzwa baadaye. Mimi nimefikia kuamini kwamba kwa timu yetu kambi ndiyo kitu chenyewe kinachouzwa, kwa kuwa matumaini ni rahisi kuyatengeneza kuliko mpigaji mzuri, na shabiki akishayanunua hana pa kuyarudisha.

Tuchukue Machi ya mwaka jana. Tuliambiwa kwamba tunaye Paul Skenes, aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji chipukizi) ya mwaka 2023 na kutwaa tuzo ya mchezaji mpya bora mwaka 2024, na kwamba nyuma yake yupo Jared Jones, kwa hiyo safu ya warushaji itatubeba hata kama wapigaji watasuasua. Kambi haijafungwa, kiwiko cha Jones kikaanza kumsumbua. Mei akafanyiwa upasuaji na msimu mzima ukapita bila yeye. Spencer Horwitz, tuliyemleta kushika kituo cha kwanza, alikuwa amekwishapasuliwa kifundo cha mkono tangu Februari, kabla hajatuchezea hata mechi moja. Tarehe 8 Mei kocha mkuu, Derek Shelton, akafutwa kazi timu ikiwa na ushindi 12 na vichapo 26, Don Kelly akashika usukani, na mwisho wa safari tukahesabu ushindi 71 na vichapo 91.

Naomba tukae kidogo kwa Skenes, maana habari yake inaeleza timu hii kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2025 aliruhusu wastani wa alama 1.97 kwa kila vipindi tisa, jambo ambalo warushaji wengi hulisikia tu, na wapiga kura wote wakampa tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora, bila hata mmoja kupinga. Sasa angalieni mechi alizoandikiwa: alishinda 10 na kupoteza 10. Mtu anafunga mlango usiku kucha, asubuhi anaambiwa nyumba imeibiwa nusu, kwa kuwa walio ndani walishindwa kupiga mpira. Tulikuwa wa mwisho katika ligi nzima kwa alama tulizopata, na wa mwisho tena kwa mipira iliyovuka uzio. Hakuna lenzi ya kutibu hilo.

Machi hiyohiyo kulikuwa na kisa cha kadi. Mtoto wa miaka 11 huko California alipewa zawadi ya Krismasi akafungua pakiti na kukuta kadi ya Skenes iliyobandikwa kile kitambaa cha jezi aliyovaa siku ya mechi yake ya kwanza, nayo ipo moja tu duniani. Timu ikaitaka, ikaahidi, pamoja na mambo mengine, tiketi mbili za msimu nyuma ya mpigaji kwa miaka 30. Familia ikatafakari, ikaipeleka kadi mnadani, na ikauzwa kwa dola milioni 1.11. Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Mtoto yule alikuwa ametishiwa miaka 30 ya kuitazama Pirates, akajiokoa.

Msimu ulipofunguliwa nyumbani, mambo yakawa mabaya kuliko hata matokeo. Matofali ambayo mashabiki walilipia miaka ya nyuma yachorwe majina yao, mengine yakiwa ya marehemu wao, yalipigwa picha yakiwa yamerundikwa kwenye kiwanja cha taka za kurejelezwa. Kwenye ukuta wa kulia, uliojengwa kwa kimo cha futi 21 kumuenzi Roberto Clemente aliyevaa jezi namba 21, alama ya namba hiyo iliondolewa ikawekwa tangazo la kinywaji, hadi mtoto wa Clemente mwenyewe akalalamika hadharani ndipo uongozi ukaomba radhi na kuirudisha. Clemente ni mtu aliyefikisha mapigo 3,000 kamili, kisha akafa katika ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko Nikaragwa. Mtu wa namna hiyo hafunikwi na tangazo la pombe.

Nilikwenda Bradenton mara moja, miaka michache iliyopita, nikachukua likizo na kusafiri na mzee mmoja niliyewahi kufanya naye kazi ya zamu ya usiku ghalani, yeye ndiye aliyenifundisha mchezo huu kwa redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa pesa. Uwanja wa LECOM Park ni mzuri, hilo sitalikana. Umekuwepo tangu mwaka 1923, kuta zake nyeupe zimejengwa kwa mtindo wa makanisa ya Kihispania, na haubebi watu hata elfu tisa, kwa hiyo ukikaa popote unasikia mpira unavyoingia kwenye glovu ya mdakaji. Vipindi vitatu vya mwanzo vilikuwa na majina tunayoyajua. Kipindi cha tano, wale wenye majina walikwishaoga, wamebeba mifuko, wanapita nyuma ya uzio kuelekea kwenye magari yao, na mechi bado inaendelea. Kipindi cha saba, walioko uwanjani walikuwa na namba 84, 91, 77, mgongoni hakuna jina, na mtangazaji alilitamka jina la mmoja wao kwa namna tatu tofauti ndani ya dakika kumi.

Mtoto aliyekaa mbele yetu alimpata huyo wa namba 77 akamsainia mpira. Aliusaini taratibu, herufi moja moja, akaupulizia wino ukauke, akamrudishia kwa mikono miwili. Mtoto alipousoma akamuuliza baba yake huyu ni nani, na baba akafungua karatasi ya vikosi, akaitazama mbele na nyuma, hakumkuta. Yule mzee wangu alikuwa na daftari lake na penseli, anaandika kila mpira ulivyokwenda, kama ilivyo desturi ya mashabiki wa zamani. Nikamuuliza kwa nini anajichosha kuandika mechi isiyohesabiwa, naye akanijibu kwamba mkono nao unahitaji mazoezi. Tulifungwa 9 kwa 2. Watu waliondoka wakitabasamu.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nimesoma yote na nakushukuru. Mimi nilicheza besiboli kidogo nikiwa sekondari, na nimewahi kuingia kwenye ule uwanja uliojengwa Azania kwa msaada wa Wajapani, kwa hiyo kanuni ninazijua, ila biashara ya huko inanishinda. Nasikia mnaye kijana anayeitwa Konnor Griffin ambaye wote wanamsifu. Kama timu inakosa wapigaji, kwa nini kuwe na mjadala kama ataanza msimu au hataanza?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, umegusa penyewe. Griffin alichaguliwa wa tisa katika drafti ya mwaka 2024 akitoka moja kwa moja sekondari, anatimiza miaka 20 Aprili 2026, na mwanzoni mwa mwaka huu wa 2026 ametajwa kuwa chipukizi bora kuliko wote walio nje ya ligi kuu. Mjadala unatokana na kalenda. Mchezaji huhesabiwa mwaka mmoja wa utumishi akifikisha siku 172 katika ligi kuu, na akitimiza miaka sita anakuwa huru kwenda anakotaka. Kwa hiyo timu ikimwacha kijana ligi ndogo kwa wiki chache za mwanzo, mwaka wake wa kwanza haukamiliki, nayo inabaki naye karibu miaka saba badala ya sita. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Kris Bryant wa Chicago Cubs, aliyewasha moto kambini mwaka 2015, akaachwa nyuma kidogo tu, akamaliza msimu na siku 171. Alipungukiwa siku moja. Alifungua malalamiko na mwaka 2020 akashindwa.

Katika mkataba wa mwaka 2022 kati ya wachezaji na wamiliki waliweka vivutio ili timu ziache mchezo huo. Skenes, kwa mfano, alipandishwa Mei 2024, lakini kwa kuwa alishinda tuzo ya mchezaji mpya bora alihesabiwa mwaka kamili, na maana yake ni kwamba baada ya msimu wa 2029 anaweza kutuaga. Na timu inayomwanzisha chipukizi wa kiwango cha Griffin tangu siku ya kwanza inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada katika drafti iwapo kijana atatwaa tuzo. Kwa hiyo kuna sababu ya kumwanzisha na kuna sababu ya kumficha, na zote mbili ni za hesabu. Ukisikia kiongozi anasema kijana "bado anahitaji kukomazwa ulinzi wake", chukua kalamu uhesabu siku.

Mchangiaji wa 2

Mzee, kwa heshima zote, mimi naona umeshazoea kulia hata pasipo na msiba. Mwaka huu wamemleta Brandon Lowe kutoka Tampa Bay na wamemsajili Ryan O'Hearn. Wote ni wapigaji, na wote walikuwa wakiwindwa na timu nyingine. Ulichokilalamikia kimefanyiwa kazi, halafu bado unanuna. Timu ya mji mdogo ifanye nini zaidi?

Mwanzisha uzi

Kaka, haki yako, na sikatai kwamba Lowe na O'Hearn ni wapigaji wa kweli. Nikiri pia kwamba habari za usajili zilipotoka nilizisoma mara mbili nikidhani nimechanganya timu. Hata hivyo naomba upime ukubwa wa furaha yetu. Tunashangilia kwa sababu timu imesajili wachezaji wawili wanaojua kazi yao, jambo ambalo kwa wengine ni habari ya siku moja. Hadi mwaka 2025 unaisha, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia yetu ulikuwa wa Bryan Reynolds, dola milioni 106.75 kwa miaka minane, na tuliufunga mwaka 2023. Los Angeles Dodgers walimpa Shohei Ohtani milioni 700 peke yake. Mwaka jana wao walilipa mishahara inayozidi milioni 300, sisi hatukufika 100.

Hilo la mji mdogo nalo lina mipaka yake. Ni kweli besiboli haina ukomo wa mishahara kama ilivyo kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani, ndiyo maana Steelers, timu ya mchezo huo ya mji huuhuu, wanashindana na yeyote. Lakini kila timu ya besiboli huchangia asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye mfuko unaogawanywa sawasawa kwa timu zote 30, na fedha za televisheni ya kitaifa huja juu yake. Sisi ni wapokeaji. Bob Nutting, ambaye familia yake ina biashara ya magazeti, ni mmiliki mwenye usemi wa mwisho tangu mwaka 2007, na mashabiki wamekuwa wakiimba auze timu hadi siku ya ufunguzi wa nyumbani mwaka jana ndege ikakodiwa ipite juu ya uwanja na bango la ujumbe huo. Milwaukee ni mji mdogo kuliko wetu kwa soko la televisheni, nao karibu kila Oktoba wanahangaika na mchujo wakati sisi tunafagia majani.

Na usidhani sijawahi kufurahi. Timu hii ilipoteza misimu 20 mfululizo, kuanzia 1993 hadi 2012, rekodi ambayo hakuna timu nyingine ya ligi kubwa za Marekani iliyoifikia, nami nilifika kwenye mkia wake. Kisha tarehe 1 Oktoba 2013 nilikuwa nje ya PNC Park, uwanja wetu wa nyumbani, sina tiketi, nimesimama darajani na mamia ya wengine, ndani watu wakiimba jina la Johnny Cueto, mrushaji wa Cincinnati, kwa kejeli. Mpira ukamdondoka mkononi. Mrusho uliofuata Russell Martin aliupiga ukavuka uzio, na lile daraja nililisikia likitikisika chini ya miguu. Baada ya hapo, mwaka 2014 tukatolewa na San Francisco kwa 8 kwa 0, na mwaka 2015 tukashinda mechi 98 tukatolewa na Chicago kwa 4 kwa 0, vyote katika mechi moja moja ya mchujo. Januari 2018 wakauzwa nyota wetu Gerrit Cole na Andrew McCutchen ndani ya siku chache. Kwa hiyo ninaponuna, ninanuna nikijua utamu ulivyokuwa.

Lowe na O'Hearn waje. Ila nitawapima Juni, kwa kuwa Machi wanapigishwa na vijana wa namba 84 ambao nao wanajaribu mrusho waliojifunza wiki iliyopita.

Mchangiaji wa 3

Ndugu, mimi sijui lolote kuhusu mishahara, ila nimewahi kusikia kwamba timu hii ndiyo iliyompa Mwafrika wa kwanza nafasi katika ligi kuu. Ni kweli?

Mwanzisha uzi

Ni kweli, na ahsante kwa kuuliza, kwa sababu ndilo jambo pekee la kambi ya Bradenton ambalo sina neno baya juu yake. Anaitwa Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini. Alikulia ndani ya klabu ya besiboli huko Randburg, katika chumba kidogo alichopewa mama yake aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, kwa hiyo uwanja ulikuwa ua wa nyumba yao. Pirates walimsajili mwaka 2008, akiwa na miaka 18, na kuanzia hapo akawa mmoja wa wale vijana wanaokuja Florida kila mwaka na kurudishwa ligi ndogo, kambi baada ya kambi, kwa zaidi ya miaka minane. Mama yake alifariki mwaka 2013, hakuiona siku yenyewe.

Tarehe 26 Aprili 2017 alipandishwa, akaingizwa katikati ya mechi dhidi ya Chicago Cubs, mabingwa wa wakati huo. Nilikuwa zamu ya usiku na ile redio ya mzee ilikuwa juu ya rundo la mbao. Mrushaji alikuwa Jon Lester, mtu mwenye pete tatu za ubingwa, na Ngoepe, katika mara yake ya kwanza kushika gongo ligi kuu, akaupiga mpira ukapita katikati akafika kituo cha kwanza. Mzee aliniita kwa sauti, "Wa kwenu huyo!" Nikamweleza kwamba kutoka kwetu hadi Afrika Kusini ni mbali, lakini nikayaacha maboksi nikaenda kusikiliza.

Alituchezea mechi 28 mwaka ule na wastani wake wa kupiga ukawa .222, kisha akauzwa Toronto. Kwa hesabu za kawaida hiyo ni safari fupi. Kwa yule mtu wa namba 77 aliyeusaini mpira wa mtoto kwa herufi moja moja, ni safari ambayo hataifikia, na nilipomkumbuka baadaye nilimtafuta kwenye orodha za ligi ndogo kwa miaka miwili bila kuwa na hakika hata jina lake linaandikwaje.

Mkataba wa sasa kati ya wachezaji na wamiliki unaisha tarehe 1 Desemba 2026, na kuna hofu kwamba wamiliki watawafungia wachezaji milango mpaka wapatane, jambo ambalo linaweza kuiharibu hata kambi ya mwakani. Mambo hayo tutayajadili wakati wake. Kwa sasa nimeandika kikosi kizima kinachotajwa leo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu, kuanzia Skenes hadi wale wasio na majina mgongoni. Nitakuja nao hapa wiki ya kwanza ya Juni, na aliyenituhumu kwa kulia pasipo na msiba naomba awepo.